Chumba Kwanza, Tiketi Baadaye
Mazungumzo kwa wazazi na vijana wanaojiandaa kwa masomo ya ng'ambo

 

Kuanzia Seme hadi Muhoroni, familia zinazompeleka kijana kusoma ng'ambo huitisha mchango. Wengine huuza ng'ombe, wengine hukopa kwenye SACCO. Katika vikao hivyo karo huhesabiwa, visa huhesabiwa, tiketi ya ndege huhesabiwa. Swali moja huachwa nyuma: kijana atalala wapi, pamoja na nani, na chini ya mkataba gani? Swali hilo ndilo la leo.

Safari hizi si ngeni kwetu. Septemba 1959, ndege ya kwanza ya mpango ulioongozwa na Tom Mboya, ambaye asili yake ni Kisiwa cha Rusinga, ilipeleka wanafunzi 81 Marekani. Mwaka uo huo Barack Obama mkubwa, mwana wa Kogelo aliyesoma Maseno, alifika Honolulu na kupata chumba katika hosteli ya YMCA karibu na Chuo Kikuu cha Hawaii. Siku hizi wanafunzi wengi wanaojilipia hutafuta chumba wenyewe, kwa simu, wakiwa bado hapa nyumbani. Hatari huanzia hapo.

Mara nyingi chumba hicho huwa katika nyumba ya pamoja. Kila mwanafunzi ana chumba chake chenye kufuli, lakini jiko, bafu na choo ni vya wote. Anayejua maisha ya hosteli za Maseno anaweza kudhani ni mambo yale yale. Kuishi na watu kunafanana, ila mkataba haufanani.

Ipo mikataba ya aina mbili. Ya kwanza ni ya mtu mmoja: kila mwanafunzi anatia sahihi kwa ajili ya chumba chake na anadaiwa kodi yake peke yake. Ya pili ni ya pamoja: wote wanatia sahihi karatasi moja, na deni la mmoja ni deni la wote. Tuchukue mfano wa Uingereza, ambako mikataba ya pamoja ni ya kawaida katika nyumba za watu binafsi. Wanafunzi wanne wanalipa jumla ya pauni 1,600 kwa mwezi, yaani 400 kila mmoja. Mmoja akiacha kulipa, mwenye nyumba ana haki ya kudai zile 1,600 zote kutoka kwa watatu waliobaki. Ghafla kila mmoja anatafuta pauni 533. Mzazi aliyepanga bajeti ya 400 hapa Kisumu hupigiwa simu usiku, wala hakuna aliyemwibia mtoto wake. Ni sahihi tu.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, kijana aulize: huu ni mkataba wangu au wetu? Nikiondoka mapema, nani atalipa?

Ujerumani ina jambo lake. Mwanafunzi wa kutoka Kenya hutakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za kujikimu, na wengi hufanya hivyo kupitia akaunti maalumu ya benki. Tangu Septemba 2024 kiasi kinachohitajika ni yuro 11,904 kwa mwaka, na benki humfungulia yuro 992 tu kila mwezi. Kodi, chakula na bima ya afya vyote hutoka humo. Akishahamia, anatakiwa kuandikisha anwani yake katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, akiwa na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba anaishi pale. Kitanda cha kujibanza kwa rafiki, bila barua hiyo, hakitamsaidia, na bila uandikishaji shughuli nyingine za kiofisi hukwama, ikiwemo kibali cha ukaaji.

Hapa ndipo desturi yetu nzuri inapogongana na sheria ya nyumba. Kwetu, ndugu akifika hana pa kulala, godoro hutandikwa chini na maisha yanaendelea. Kule, mkataba huweza kusema chumba ni cha mtu mmoja. Mwanafunzi akimkaribisha binamu kwa miezi miwili, wenzake wa nyumba wanaweza kulalamika kwamba maji na umeme vimepanda, na mwenye nyumba akavunja mkataba. Aliyekaribisha na aliyekaribishwa wote wakajikuta nje. Basi wazazi wasimwagize kijana aliyetangulia ampokee mwingine kabla ya kumuuliza mkataba wake unaruhusu nini. Akisema hawezi, si kiburi wala si kusahau nyumbani.

Kuhusu walaghai, njia yao inajulikana. Tangazo lina picha nzuri na kodi ya chini kuliko zote. Mwenye nyumba anadai yuko nchi nyingine, hawezi kuonyesha chumba, lakini funguo zitatumwa kwa posta mara tu dipoziti ikilipwa. Fedha zikishatumwa, simu haishikwi tena. Kinga ni kuanzia kwenye ofisi ya makazi ya chuo chenyewe. Ujerumani yako mashirika ya huduma za wanafunzi yenye hosteli zao, na jijini Helsinki liko shirika la HOAS linalopangisha wanafunzi. Maombi yapelekwe mapema, mara tu barua ya chuo inapofika, kwa kuwa Agosti na Septemba kila mtu anatafuta. Kijana aulize pia kama chumba kina kitanda, maana vingine hukodishwa vitupu.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai fedha walizolipia masomo ya Ufini na Kanada. Funzo ni moja: kila malipo yawe na risiti, na jina la anayepokea lilingane na jina lililo kwenye mkataba.

Mwisho ni jikoni. Ugomvi mwingi wa nyumba za pamoja hutokana na sufuria zisizooshwa, friji na kelele za usiku. Omena ikikaangwa bila kufungua dirisha, king'ora cha moshi hulia na jengo zima hutoka nje kwenye baridi. Kijana, mvulana kwa msichana, ajifunze kupika, kuosha na kufagia kabla ya kuondoka. Na ajifunze kusema mapema. Wako wanaonyamaza miezi mitatu bila kulipa kodi kwa kuona aibu mbele ya waliowachangia. Deni la mwezi mmoja hujadilika. La miezi mitatu huleta barua ya kufukuzwa.

Kwa hiyo, katika kikao kijacho cha mchango, kabla ya tiketi kukatwa, mzee mmoja aombe kuona mkataba wa chumba. Usomwe kwa sauti, mstari kwa mstari. Usipokuwepo, safari bado haijaiva.