Wenye Wadudu Vichwani

Hotuba kwa mkutano wa elimu ya uraia, Msambweni



Tuliombwa tuzungumze juu ya sheria, na huko tutafika. Lakini kwanza mturuhusu tuzungumze juu ya bata.

Sisi tuliolelewa pwani hii tumeusikia tangu utotoni ule msemo kwamba ukimchunguza bata humli. Bata hula uchafu, na anayetazama sana alichokula bata atalala na njaa. Mezani msemo huu una ukweli wake. Ubaya ni kwamba umetoka jikoni ukaingia barazani, ukaingia madarasani na ofisini, ukafanywa sheria ya maisha: usichunguze, kula. Hapa Kwale tunayo majina tele ya mtu asiyekubali sheria hiyo. Akiuliza mara moja ni mdadisi. Akiuliza mara mbili ni mjuaji. Akiuliza ya tatu, watu wazima huanza kunong'onezana kama hana pepo.

Mwaka wa 1988 tulikuwa darasa la tatu. Februari ya mwaka ule KANU, chama kilichokuwa peke yake nchini, kiliteua wagombea wake kwa mlolongo. Wapiga kura walijipanga mstari nyuma ya mtu wao, au nyuma ya picha yake, wakahesabiwa mchana kweupe. Mgombea ubunge aliyepata asilimia 70 alihesabiwa kuwa ameshinda moja kwa moja, bila kura ya siri. Sisi watoto tulipanda juu ya mkorosho uliokuwa kando ya uwanja wa shule, tukahesabu. Hatukuhesabu kwa ajili ya siasa. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutufundisha mamia, nasi tulitaka kuyajaribu. Mstari mmoja ulilizunguka goli ukarudi. Wa pili haukufika katikati ya uwanja. Ukatangazwa mshindi ule wa pili.

Mwenzetu mmoja akauliza kwa sauti, kama mtu aulizaye saa: "Mbona mfupi ndio mrefu?"

Babake alimshusha mkorososhoni kwa mguu. Jioni wazee wawili walikuja kwao kuuliza nani aliyemfundisha mtoto maneno yale, kwani haikuwaingia akilini kwamba mtoto aliyefundishwa kuhesabu angeweza kuhesabu. Kabla ya wiki kwisha alipelekwa kwa mganga akapungwe. Na sisi tuliokuwa naye juu ya mti, tuliohesabu mistari ile ile na kupata hesabu ile ile, tulimpa jina la Mfupi-Mrefu, tukamwita hivyo mpaka akaacha kuinua mkono darasani. Hatujamwomba radhi hadi leo.

Tumeueleza mkasa huu kwa sababu tunapozikumbuka enzi za chama kimoja tunapenda kutaja polisi, vizuizi na magereza. Hayo yalikuwapo, na wapo humu wanaoyajua kwa miili yao. Lakini pale uwanjani hakuna polisi aliyesema neno. Aliyeuliza alinyamazishwa na babake, wazee wake, mganga wake na wanafunzi wenzake, na serikali haikutumia hata senti.

Serikali nayo ilikuwa na mafunzo yake. Mnamo 1984 Rais Moi aliwataka mawaziri wake na wananchi wote waimbe wimbo wake kama kasuku, jinsi alivyosema kwamba yeye mwenyewe aliuimba wimbo wa Mzee Kenyatta. Katiba ilikuwa imekwisha kurekebishwa mwaka 1982 kwa kutiwa kifungu cha 2A, kilichofanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria. Katika nchi ya kasuku, ndege mwenye sauti yake mwenyewe huonekana mgonjwa.

Mwishoni mwa 1989 Profesa Wangari Maathai aliandika barua kuuliza ni kwa nini jengo la ghorofa 60 lijengwe ndani ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi, mahali ambapo mtu asiye na kitu aliweza kujilaza kwenye nyasi siku ya Jumapili. Lilikuwa swali la kawaida kabisa: bustani ni ya nani, na deni litalipwa na nani? Bungeni wakamjadili yeye, wala si jengo. Akaambiwa kwamba mwanamke wa Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Rais akasema hadharani kwamba wanaopinga jengo hilo wana wadudu vichwani. Watazameni wadudu hao walikofika. Wafadhili walijitoa, jengo halikujengwa, bustani ingali pale. Na mwaka 2004 mwanamke yule alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki 2011. Swali lake halikuwahi kujibiwa bungeni.

Hapa kwetu pwani tulikuwa na aliyemtangulia. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa aliyekuwa na umri wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi cha siasa na kukisambaza kwa siri. Alikiita Kenya: Twendapi? Zingatieni jina hilo. Halikuwa amri wala tusi. Msafiri yeyote ndani ya matatu ya Likoni ana haki ya kumwuliza dereva swali hilo. Alishtakiwa kwa uchochezi, akakaa gerezani miaka mitatu, 1969 hadi 1972, muda mwingi peke yake chumbani. Mashairi aliyoyatunga humo yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya fasihi iliyokuwa na jina la Jomo Kenyatta, yaani rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Sisi mawakili twajua kwamba makosa ya uchochezi yaliondolewa katika Kanuni ya Adhabu mwaka 1997, miaka 25 baada ya kijana huyo kutoka kifungoni. Swali lake halikufutwa na sheria yoyote.

Na hapa turuhusiwe kusema neno juu ya kazi yetu wenyewe, kwani kuna jambo la aibu ndani yake. Wakili akisimama mahakamani amhoji shahidi wa upande wa pili, huuliza swali moja kwa namna kumi. Huuliza ulikuwa wapi, saa ngapi, ulijuaje, nani alikuambia, mbona jana ulisema vingine. Kwa kazi hiyo huitwa msomi, na jioni hulipwa. Mkulima wa Nguluku akiuliza maswali hayo hayo juu ya shamba lake mwenyewe, bila joho, huambiwa ana kichaa. Hakuna tofauti katika swali. Tofauti ipo katika vazi.

Tumeitaja Nguluku kwa makusudi. Miaka ya 1990 kampuni ya Tiomin kutoka Kanada ilikuja Kwale kutafuta titani katika mchanga wetu. Watu wa Nguluku na Maumba wakauliza: mchanga huu ukichimbuliwa, vumbi lake lina nini? Maji ya visima yatakuwaje? Fidia ya mnazi mmoja imepimwa kwa kipimo gani? Wakaitwa wapinga maendeleo, na waliowaita hivyo hawakuwa wageni pekee. Walikuwamo majirani zao waliokwisha kuhesabu ajira ambazo hazijaja. Watatu wakafungua kesi katika Mahakama Kuu ya Mombasa, kesi namba 97 ya 2001. Jaji Hayanga akatoa agizo la kuzuia uchimbaji kwa muda, kwa kuwa tathmini ya athari kwa mazingira inayotakiwa na sheria ya 1999 haikuwa imefanywa ipasavyo. Wale waliodhaniwa kuwa wana pepo walikuwa wameisoma sheria kuliko wenye ofisi.

Endeleeni kidogo mpaka kwenye mlima wa Mrima, nyuma yetu hapa, wenye niobiamu na madini mengine adimu. Leseni ya kampuni ya Cortec kuchimba huko ilifutwa 2013, nayo kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya kituo cha Benki ya Dunia cha kutatua migogoro ya uwekezaji. Mwaka 2018 waamuzi wa kimataifa waliitupilia mbali kesi hiyo, kwa kuwa leseni yenyewe haikupatikana kihalali. Miongoni mwa mengine, idhini ya tathmini ya mazingira haikuwapo. Ni lile lile swali la wakulima wa Kwale la 2001! Lilipoulizwa na mabwana waliovaa tai huko ng'ambo, hakuna aliyetaka wapelekwe kwa mganga.

Titani hatimaye ilichimbwa. Kampuni ya Base Titanium ilianza uzalishaji mwishoni mwa 2013 na kufunga uchimbaji Desemba 2024. Kwa muda wa miaka kumi na moja mchanga wetu ulipita Likoni ukipakiwa melini. Sheria ya Madini ya 2016 inasema kwamba mrabaha hugawanywa hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali palipochimbwa. Ndugu wananchi, wangapi humu wameiona karatasi inayoonyesha ile kumi ni shilingi ngapi, ililipwa lini, na iliingia mikononi mwa nani? Na ardhi iliyochimbwa, sasa ambapo mitambo imenyamaza, itarudi kwa nani, na kwa masharti gani? Hatusemi kwamba kuna aliyeiba. Tunauliza, na mtu aulizaye hajamshtaki mtu.

Sasa tumefika kwenye sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari, namba 31 ya 2016, inaeleza njia. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, au asiyeweza kwa sababu ya ulemavu, ana haki ya kusaidiwa, na afisa anapaswa kuyatia maneno yake katika maandishi na kumpa nakala. Jibu litoke ndani ya siku 21. Ikiwa jambo lahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Wakikunyima, iko tume ya haki za utawala, ile wengi waiitayo Ombudsman, ya kuupitia uamuzi huo.

Lakini kipande tunachokipenda kuliko vyote ni kifungu cha 4, sehemu ndogo ya pili. Kinasema kwamba haki yako haiathiriwi na sababu unayoitoa ya kutaka kujua, wala na kile ofisi inachodhani kuwa ndiyo sababu yako. Tuliposoma maneno hayo mara ya kwanza tulimkumbuka yule mtoto wa juu ya mkorosho. Afisa hana ruhusa ya kukuuliza "wewe ni nani hata uulize?" wala "nani amekutuma?" Ukiwa umetumwa na udadisi wako tu, yatosha.

Tungekuwa wanafiki tukiishia kwa serikali. Sisi wa upande wa mageuzi tulipigania kuondolewa kwa kifungu cha 2A, nacho kikaondoka Desemba 1991, kisha tukakibeba kasuku chetu wenyewe hadi nyumbani. Katika mkutano mmoja wa harakati, ambao hatutautaja, kijana alisimama akauliza hesabu za mchango uliokusanywa. Mwenyekiti akamwambia kwamba ametumwa na maadui, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Tulikuwa mle ndani. Mikono yetu nayo ilipiga. Pesa zile hazikujulikana zilikokwenda, na kijana yule hakuja tena.

Zaidi ya hapo ni mabinti zetu. Mvulana mdadisi huambiwa atakuwa wakili. Msichana mdadisi huambiwa atakosa mume. Mwaka jana alikuja ofisini kwetu mama mmoja kutoka bara ya kaunti hii, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akienda ofisi moja hadi nyingine kuuliza mbona jina la marehemu mumewe limo katika orodha ya fidia na lake halimo. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye kila risiti na kila barua, zimepangwa kwa tarehe kuliko majalada yetu. Mwanawe wa kiume aliyemsindikiza alituomba radhi faraghani, akisema kwamba mamake tangu zamani "kichwa si kizuri". Tulichukua saa nzima kuzisoma karatasi zile. Hatukuona kosa hata moja. Ombi lake limeandikwa kwa Kiswahili, limepigwa mhuri wa kupokewa, na siku 21 zinahesabiwa.

Tumeleta karatasi za maombi. Ziko pale mezani pamoja na kalamu. Nafasi ya kueleza kwa nini wataka kujua mwaweza kuiacha wazi.

Yule binti pale nyuma, chini ya mwembe, ameinua mkono tangu tulipotaja asilimia kumi, na jirani yake amekuwa akiushusha. Mzee, mwachie mkono wake. Mpelekeeni kipaza sauti.