MZEE AKIACHA KAZI, ATATUNZWA NA NANI?

Hotuba kwa wanachama wa Kitengela na Kajiado



Sisi watu wa reli twajua kwamba reli haitandikwi kabla wapimaji hawajapita. Hupima mlima, mto na udongo, ndipo vyuma huletwa. Leo twataka kusema juu ya utunzaji wa wazee wetu, jambo ambalo bado hatujalipima.

Katika nchi za Asia wako wataalamu ambao kazi yao ni kuchunguza soko la matibabu na la utunzaji wa wazee. Huuliza: wazee ni wangapi, wana maradhi gani, nani huwaangalia, nani atalipa? Makampuni hununua habari hizo ili yajue mahali pa kujenga na bei ya kutoza. Hatuwalaumu. Lakini mwenye kuuza akitujua kuliko tunavyojijua, yeye ndiye atakayepanga bei.

Tutazame Japani. Mwaka 1963 nchi hiyo ilihesabu watu 153 tu waliofikisha miaka 100. Siku hizi wamepita 90,000. Zamani watoto ndio waliotegemewa, na mzigo mkubwa waliubeba wanawake, hasa wake za wana. Wazee wengi walilala hospitalini miezi mingi kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwatunza, ijapokuwa matibabu yao yalikwisha. Basi sheria ya bima ya utunzaji ikapitishwa mwaka 1997, na kazi ikaanza Aprili 2000. Kila mtu akifika miaka 40 hutoa mchango, na kodi za serikali huongezwa hapo. Mzee akiomba msaada, mtu hutumwa nyumbani kwake na maswali 74. Je, aweza kuinuka? Aweza kula mwenyewe? Je, husahau? Kwa majibu hayo, pamoja na maneno ya daktari, hupangiwa daraja la msaada.

Sasa turudi kwetu. Sensa ya 2019 ilionyesha Wakenya wa miaka 60 na zaidi kuwa kama milioni 2.7. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 chasema mzee ana haki ya kupata matunzo na msaada kwa jamaa zake na kwa Serikali. Mwaka 2018 Inua Jamii ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Hayo ni mema, lakini matibabu ni jambo moja na utunzaji ni jambo jingine. Kadi ya hospitali haimwogeshi mzee wala haimpikii uji.

Hapa Kitengela wengi wetu twakaa nyumba za kupanga, na wazazi wamebaki mbali. Huko Kajiado boma laweza kuwa mwendo mrefu kutoka hospitali, na vijana wamekwenda mjini kutafuta kazi. Dada yetu akiacha kibarua ili amtunze mama, mshahara wake umepotea, wala hakuna daftari lililoandika hasara hiyo.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wapite kwa wanachama na kuuliza maneno manne. Una wazee wangapi? Ni kazi gani wasizoweza kujifanyia? Nani huwatunza? Kwa mwezi zatoka shilingi ngapi na siku ngapi za kazi? Majina yasisomwe mkutanoni, hesabu tu.

Tukikaa na mwajiri, au tukienda kaunti, tusipeleke manung'uniko matupu. Tuweke hesabu mezani, kisha tudai siku za ruhusa na watunzaji wa kuzuru nyumbani. Tukijaliwa umri, wazee hao tutakuwa sisi wenyewe.