Karatasi ya Chuo Iseme Bei Yote
(Mazungumzo ya karani mmoja wa machimbo mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa Shasha)



Kazi yangu ni kuandika majina, uzito wa mawe na mishahara. Kwa hiyo wengi wenu mwaniletea pia karatasi za vyuo, niwasomee. Nimezisoma nyingi, na leo nina neno juu yake.

Karatasi hutaja ada ya mwaka, basi. Mtoto akiisha kuingia, ndipo mengine yanatoka kama siafu: pesa ya kadi, silabusi za walimu, pesa ya kuandikishwa kwa mtihani, staji, na mwisho kitabu cha kumaliza masomo pamoja na malipo ya kukitetea. Baba mmoja wa hapa aliuza mbuzi watatu kwa ajili ya ada. Mtoto akazuiliwa mlangoni pa mtihani kwa deni lisiloandikwa popote. Chuo chenyewe sikitaji.

Halafu kuna dola. Ada huhesabiwa kwa dola, nasi wengi twapata franka. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 920. Mwaka 2024 ilipita 2,700. Tuseme ada ni dola 300. Kwanza ni franka 276,000, baadaye ni zaidi ya 810,000! Chuo hakikuongeza hata dola moja, na mzazi amelipa karibu mara tatu. Mbona karatasi haisemi dola itahesabiwa kwa franka ngapi, na kwa bei ya siku gani?

Miaka nayo ni vivyo hivyo. Zamani mtu alisoma graduat miaka 3, kisha licence miaka 2, jumla 5. Mpango mpya wa LMD ulioenea tangu 2021-2022 umeifanya licence kuwa miaka 3, na master 2 juu yake. Jina ni lile lile, hesabu si ile.

Kila mwaka Waziri wa masomo makubwa hutoa maagizo Kinshasa, na habari za malipo zimo. Mimi sijayaona yamebandikwa hapa kwetu hata siku moja.

Msidhani ni Kongo tu. Marekani sheria ya 2008 ililazimisha vyuo, kuanzia Oktoba 2011, kumwonyesha mwombaji makadirio ya atakacholipa mwenyewe. Hata hivyo mwaka 2022 wakaguzi wa serikali yao walikuta vyuo karibu 9 katika 10 havitoi hesabu hiyo, au vinaipunguza, katika barua za msaada.

Hatuombi bure. Katiba ya 2006 iliahidi bure kwa shule ya msingi, nayo ikaanza Septemba 2019. Masomo makubwa twayalipia. Tunachotaka ni karatasi moja yenye muhuri: malipo yote, miaka yote, na bei ya dola, kabla mtoto hajaandikwa jina. Mwenye barua ya chuo aniletee Jumapili baada ya ibada. Tutaandika maswali pamoja na kuyapeleka chuoni.