Kikombe cha Maji Mteremkoni



Injili ya Dominika hii ya kwanza ya Kwaresima inatupandisha juu ya kinara cha Hekalu. Mshawishi anamsimamisha Bwana mahali pa juu na kumtaka ajitupe chini, ili watu waone jinsi malaika watakavyomdaka. Katika vishawishi vile vitatu, hiki ndicho tunachokipita haraka. Kishawishi cha mkate twakielewa, maana njaa twaijua. Cha falme za dunia twakielewa pia, maana uchu wa madaraka tumeuona kwa macho. Lakini ni nani mwenye akili timamu atakayetamani kujirusha kutoka juu ya paa? Mpeni kijana wa miaka 18 usukani na mteremko, wapangeni rafiki zake kandokando ya barabara wakishangilia, nanyi mtamwona mtu huyo.

Wajapani wanao mchezo wa televisheni unaosimulia jambo hili. Unaitwa Initial D. Ulianza mwaka 1995 kama hadithi ya picha iliyochorwa na Shuichi Shigeno, na mwaka 1998 ukatengenezwa kuwa filamu za vibonzo zilizoonyeshwa kwa mfululizo. Yanayosimuliwa hutokea katika mkoa wa Gunma, kaskazini-magharibi ya Tokyo, katika mji mdogo ulio chini ya mlima wenye barabara ya kona nyingi. Usiku vijana hukusanyika huko na magari yao kushindana nani atateremka kwa kasi zaidi.

Mhusika mkuu ni Takumi Fujiwara, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, anayefanya kibarua katika kituo cha petroli. Ni kijana mkimya, mwenye macho ya usingizi, na ushindani wa magari haumpi hamu yoyote. Rafiki zake huota magari mchana kutwa, yeye hajui hata jina kamili la gari analoliendesha. Gari lenyewe ni kuukuu, Toyota Sprinter Trueno ya miaka ya themanini, ndugu wa zile Corolla ambazo barabara za Dar es Salaam na Mombasa zinazijua sana. Mlangoni limeandikwa jina la duka la baba yake, muuza tofu, yaani chakula laini kitengenezwacho kwa maharage ya soya.

Sasa sikilizeni ustadi wake ulivyopatikana. Kila alfajiri baba mtu, mzee Bunta, humwamsha mwanawe apeleke tofu kwenye hoteli zilizo kando ya ziwa, juu mlimani. Kabla hajaondoka, baba humwekea ndani ya gari kikombe kilichojaa maji na kumwagiza asiyamwage. Basi. Hamfundishi breki ishikwe vipi wala kona iingiwe vipi. Maji yenyewe ndiyo mwalimu. Ukikata kona kwa pupa, yanamwagika. Ukifunga breki kwa ghafula, yanamwagika. Na tofu iliyoko nyuma inapondekapondeka, hasara ikamwangukia mzee. Kijana akajifunza kuusikia uzito wa gari unavyohama kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama vile mama aliyejitwika ndoo anavyojua kwa shingo yake maji yameinamia upande gani.

Akirudi na gari tupu, huteremka mbio ili awahi kulala tena kidogo kabla ya shule. Alfajiri moja ya namna hiyo ndipo alipompita kijana mwenye gari la thamani, Mazda ya rangi ya manjano, aliyejihesabu kuwa bingwa. Bingwa yule akadhani ameona mzuka. Kumbe ni mtoto wa muuza tofu, anautafuta usingizi wake.

Wapendwa, Bwana wetu naye alikaa miaka mingi Nazareti kabla watu hawajamsikia. Huko alishika randa na msumeno, akatumwa akatumika. Yule asiyejitupa kutoka kinarani mbele ya umati ndiye aliyekwisha kuzoea kutii mahali pasipo umati. Kwa hiyo napenda sana kile kikombe cha maji. Kila mzazi anayemtuma mwanawe sokoni na kumdai chenji kamili anamwekea kikombe. Kadhalika katekista anayemkabidhi kijana ufunguo wa kanisa.

Lakini mzee Bunta simwachilii hivi hivi. Mchezo wenyewe unasema kijana aliendesha gari hilo tangu akiwa na umri wa miaka 13, na nchini Japani leseni ya gari haitolewi kabla ya miaka 18. Baba alivunja sheria na kumweka mtoto hatarini ili tofu ifike mapema. Tena siku alipotaka mwanawe ashindane, alimnasa kwa ahadi ya gari na tangi lililojaa petroli, akijua kuwa kijana alitamani kumpeleka msichana ufukoni. Akina baba, ni mara ngapi fahari yetu ya zamani hupanda tena barabarani kwa miguu ya watoto wetu? Tulishindwa kuwa hiki au kile, basi mtoto awe.

Na hapo hadithi inanigusa zaidi. Kijana asiyejali kushinda anaanza kidogo kidogo kujali. Anagundua kuwa ana kipaji, na kwamba furaha yake ni ya kweli. Mimi sitasema furaha hiyo ni dhambi. Kipaji ni cha Mungu, na kijana anayekitambua anakuwa mtu mzima. Swali ni mahali anapokitumia. Mwingine katika mchezo huo anamtaka washindane huku mkono wa kulia wa kila mmoja umefungwa kwa utepe wa gundi kwenye usukani, asiweze kuuzungusha kwa uhuru. Jina la ushindani, kwa maneno ya Kiswahili, ni pambano la kifo. Mwenye kutoa changamoto ndiye anayeishia kuligonga gari lake kwenye kingo za barabara. Sikuweza kuuona mkono ule uliofungwa bila kuwakumbuka vijana wasioweza kusema «hapana» kwa sababu wenzao wanawatazama. Huo ndio utepe wenyewe, nao hauonekani.

Mchezo una kasoro yake kubwa. Usiku ule mlimani barabara ni karibu tupu. Hakuna mama anayerudi kutoka zamu ya hospitali, wala mzee wa baiskeli isiyo na taa. Magari yanagongwa, lakini kwa nadra sana utaona jeneza. Watengenezaji waliweka tangazo la kuwaasa watazamaji wafuate sheria za barabarani, na ni vema. Sisi tuliokwisha kuongoza mazishi ya vijana wa pikipiki tunajua kuwa tangazo halitoshi. Kwenye barabara yetu huja mtu kutoka upande wa pili.

Kuna na yule msichana, Natsuki, mwanafunzi mwenzake Takumi, anayempenda kwa moyo. Kwa siri hutembea na mwanamume wa umri wa baba yake, mwenye Mercedes, anayempa fedha, naye humwita «Papa». Watu wanaposimulia mchezo huu husimulia magari tu. Mimi naona kuwa yeye ndiye anayeteremka mlima mkali kuliko wote. Takumi ana baba, hata kama ni mkali na mwenye makosa, anayemwamsha na kumwekea kikombe. Msichana huyu, katika yale tunayoonyeshwa, hana mtu mzima anayemwuliza fedha hizi zimetoka wapi. Siku kijana anapoijua habari yake, anaona aibu na hasira, nasi watazamaji twamwonea huruma yeye kwanza. Yule mwanamume wa Mercedes hakuna anayemgusa. Ninyi mnaowafundisha watoto wa Kipaimara mnamfahamu mtu huyo; hapa kwetu hubadilisha gari tu.

Wazazi, vijana wakiutazama mchezo huu nyumbani, kaeni nao. Msiuzime kwa kelele, na msiwaache peke yao. Waulizeni kwa nini maji hayakumwagika. Waulizeni pia nani alipaswa kumwuliza Natsuki, na kwa nini alinyamaza.

Nanyi makatekista mtakaoongoza ibada leo mahali pasipo padre, katika sala ya waamini ongezeni ombi moja kwa ajili ya wale waliotoka alfajiri hii, kabla yetu, wakiwa na mizigo ya watu wengine: wa maziwa, wa mikate, wa magazeti, na wa abiria waliolala vitini nyuma yao.