Mwani wa Mtoni Hutunza Kumbukumbu ya Sumu

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Mradi wa Maji na Mazingira kwa wajumbe wa kamati za maji za vijiji)



Katika maeneo ya dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu. Marudio yanayobaki kwenye mialo ya kuchenjulia husombwa na mvua hadi mitoni. Maji yanaweza kuonekana masafi, yasiwe na harufu, na bado yakawa na madini mazito kama zebaki au risasi. Kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi madini hayo.

Kupima maji peke yake hakutoshi. Kilichopita usiku wa mvua hakimo kwenye chupa utakayojaza asubuhi. Lakini mwani, yaani ule utelezi na nyuzi za kijani zinazoota juu ya mawe, hauhami. Hufyonza madini siku hadi siku, ukalimbikiza kiasi kikubwa mara nyingi kuliko kilichomo majini. Huko Ulaya, mwani wa nyuzi uitwao Cladophora umetumika kuchunguza mito kwa njia hiyo. Wapo pia dayatomu, mwani mdogo sana wenye magamba magumu kama kioo. Sumu ikizidi, aina zisizoihimili hutoweka, na baadhi ya zinazobaki huota magamba yaliyopinda, yanayoonekana kwa darubini.

Jambo hili linafika hadi kwenye sufuria zetu. Wadudu wadogo wa majini hula mwani, dagaa hula wadudu hao, sangara hula dagaa, nasi tunakula sangara. Zebaki huongezeka kila hatua, na kwa mama mjamzito hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki iliyotoka kiwandani na kuingia katika samaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Tufanye nini? Chukueni mwani wa aina moja, siku moja, sehemu mbili: juu ya mwalo na chini yake. Usuuzeni kwa maji ya mto kuondoa mchanga, uwekeni kwenye chombo safi, andikeni mahali na tarehe, kisha upelekeni mapema kwenye maabara inayopima madini mazito. Msihukumu kwa macho, kwani mwani mwingi unaweza kuletwa na mbolea tu. Majibu ya chini yakizidi sana ya juu, mnao msingi wa kuiomba serikali ya kijiji mwalo uhamishiwe mbali na mto, bila wachimbaji kunyimwa riziki.