Maji ya Kuosha Miguu

Twajua wengine wenu ndio kwanza mmeingia kutoka kazini, na wengine sufuria ingali jikoni. Msiache shughuli zenu. Tegeni sikio tu. Leo twataka kusema nanyi juu ya saa zile mbili tatu zilizo kati ya kuingia nyumbani na kulala. Wakristo wengi huitunza asubuhi vizuri sana, lakini jioni huiacha ijipitie yenyewe.

Wako wasemao kwamba kupumzika ni uvivu. Basi na tumtazame Eliya, ambaye habari zake zimo katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 19. Alikuwa amekimbia hadi nguvu zikamwishia, akaketi chini ya mti jangwani, akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea wala kwa kumpa kazi mpya. Alimwacha alale. Kisha malaika akamwamsha ale mkate na anywe maji. Akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Safari na kazi vilikuja baadaye.

Madaktari watuambia kwamba mtu mzima ahitaji kulala saa saba au zaidi kila usiku. Alalapo, presha ya damu hushuka na moyo hupunguziwa mzigo. Akikosa usingizi wa kutosha mwaka baada ya mwaka, hatari ya kupatwa na presha na kisukari huongezeka. Magonjwa haya zamani yaliitwa ya matajiri. Leo tuendapo kuwazuru wagonjwa twayakuta kwa mkulima wa ekari moja na kwa mama auzaye sukuma wiki sokoni. Kwa hiyo mikutano inayowaweka watu mpaka saa nne za usiku tungependa ipungue, na kamati za kanisa zimo katika hesabu hiyo.

Tena mwili una saa yake ya ndani. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha jinsi saa hiyo ifanyavyo kazi. Nao waliijua kwa kuchunguza vijidudu tu, wale inzi wadogo wa matunda. Mwanga ndio urekebishao saa hiyo. Mtu alalaye na simu mbele ya macho huuambia ubongo kwamba kungali mchana. Simu na ilale sebuleni. Mtasema kwamba ndiyo iwaamshayo asubuhi. Saa za kengele bado zauzwa madukani, na jogoo naye hajastaafu.

Chai twaipenda sote, lakini majani ya chai yana kafeini, na kahawa inayo zaidi. Kwa watu wengi huchukua kama saa tano ndipo nusu yake iondoke mwilini. Aliyekunywa saa moja ya jioni bado ana nusu saa sita za usiku, halafu huuliza kwa nini ageukageuka kitandani. Ukitaka cha moto, kuna maji yenye tangawizi au maziwa. Chakula nacho kisingoje habari za saa tatu ziishe. Mkiisha kula, tembeeni kidogo uani, hata dakika kumi, kwa maana hatua hizo husaidia kushusha sukari katika damu. Ndipo mpige mswaki, kwa sababu tulalapo mate hupungua mdomoni na meno hukosa kinga yake.

Sasa twaja kwa miguu, na hapa twaomba wenye kisukari wasogee karibu na redio.

Katika Maandiko maji ya miguu yalikuwa heshima ya nyumba. Ibrahimu aliwaandalia wageni wake maji hayo kabla ya mkate. Na Bwana wetu, usiku ule wa karamu ya mwisho, alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake mmoja mmoja, naye Petro akaona haya. Tumekuta haya hiyo hiyo kwa wazee wetu. Baba ana kisukari miaka kumi, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuona nyayo zake.

Kisukari kikikaa muda mrefu huweza kuua hisia za miguu. Mtu hukanyaga msumari au husuguliwa na kiatu, asisikie maumivu. Damu nayo huenda kwa shida mpaka vidoleni, kidonda hakiponi, na mwisho wake twaujua: mguu hukatwa. Mengi ya hayo yangeonekana mapema jioni moja nyumbani.

Tieni maji ya vuguvugu katika beseni. Yapimeni kwa kiwiko, si kwa mguu, kwa maana mguu usiosikia utaungua bila habari. Osheni kwa sabuni, wala msiiloweke miguu kwa muda mrefu, kwani ngozi hulainika ikapasuka. Kausheni vizuri kati ya vidole. Pakeni mafuta juu na chini ya mguu, lakini si katikati ya vidole, ambapo unyevu huleta ukungu. Kisha leteni taa mtazame: mpasuko, lengelenge, wekundu, uvimbe, harufu. Asiyeweza kuinama amwite mkewe, au mjukuu mwenye macho mazuri. Kidonda kisichosikika kisitibiwe kwa wembe wala kwa dawa ya kubahatisha. Kesho asubuhi ni zahanati.

Na huyo mjukuu anapoosha, babu hupata nafasi ya kumwuliza habari za shule. Maneno ya ada tungeshauri yaishe kabla ya chakula, yasipelekwe kitandani. Sala ya jioni yatosha hapo hapo, beseni likiwa bado sakafuni. Haihitaji kuwa ndefu.

Jiko la makaa litoeni nje kabla ya kufunga milango, maana hewa yake huua watu usingizini bila harufu. Chomekeni neti vizuri pande zote.

Haya, saa tatu kasorobo imefika, na maji yanapoa. Lalani salama.