Mkutubi wa Shule ni Mwalimu



Kila mwaka, mwezi wa Julai, mtoto wa Makunduchi huona kibanda cha makuti kikichomwa moto katika sherehe ya Mwaka Kogwa. Akiingia maktaba ya shule kuuliza sababu yake, atajibiwa na nani? Hapo ndipo elimu ya mkutubi inapopimwa.

Mwaka 1963 Chuo cha Ukutubi cha Afrika Mashariki kilianzishwa Makerere. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha shahada ya uzamili katika taaluma ya habari. Hatua hizo ni za kujivunia. Lakini mwenye shahada anayejua kupanga vitabu kwa namba tu, asijue kumwongoza mtoto katika kuuliza, kutafuta na kulinganisha, ni mlinzi wa ghala.

Kwa hiyo kozi ya wakutubi wa shule haina budi kufundishwa pia ndani ya shule. Mwanafunzi wa uzamili na akae Makunduchi, aandike masimulizi ya wazee, ayaweke kwenye rafu kando ya vitabu, kisha awasomeshe watoto.

Hata hivyo, lawama si ya mkutubi peke yake. Mkaguzi akihesabu vitabu vilivyopotea tu, mkutubi ataogopa kulipa, na kabati litatiwa kufuli. Ni lazima aulize pia vimeazimwa vingapi. Vyuo vifundishe, wakaguzi wapime, na walimu wakuu wafungue makabati. Vitabu vya umma vilinunuliwa visomwe.